Mama Karani na Kinyozi Wake

Kwa miaka saba, kinyozi aliyeitwa Wembe na mama mkwe wake waliheshimiana mpaka heshima yenyewe ikawachosha. Mama akiingia sebuleni, Wembe husimama. Mama akiketi, naye huketi ukingoni mwa kiti kama mtu anayesubiri kuitwa kwenye usaili. Waliulizana habari za afya, za kazi na za mvua, kisha wote wawili wakageuka kumtazama muuguzi, binti wa pekee wa mmoja na mke wa mwingine, awaokoe.

Mama alikuwa karani wa mahakama kwa miaka thelathini na moja. Alistaafu, lakini mahakama haikumtoka. Majirani walimwita Mama Karani, na ukimsimulia jambo lolote, kwanza atakuuliza, "Ulikuwepo, au uliambiwa?" Wembe naye alikuwa na chumba cha kunyolea chenye viti viwili, kioo kimoja kirefu, na mdomo usiojua kupumzika. Mbele ya wateja alikuwa redio. Mbele ya mama mkwe, betri ziliisha.

Ugonjwa ulianza na uchovu. Mama Karani akawa anapumzika katikati ya ngazi alizokuwa akizipanda huku anafoka. Kisha yakaja madoa ya zambarau mikononi, kama ya mtu aliyeminywa kwa vidole, na fizi zikawa zinatoa damu akipiga mswaki. Muuguzi aliyaona madoa yale siku mama alipokunja mikono ya blauzi aoshe vyombo. Alikwenda kuchukua mkoba wake, wakaondoka, vyombo vikabaki na povu. Damu ilipimwa, ukachukuliwa na uboho kwenye mfupa wa nyonga, na daktari akawaketisha akawaambia bila kuzunguka: saratani ya damu, ile ya haraka, inayotaka dawa ianze kesho wala si wiki ijayo.

"Ile ya haraka," Mama Karani alirudia. "Basi na sisi tusichelewe."

Alilazwa wiki nne. Alipotoka, ugonjwa ulikuwa umerudi nyuma, ila chembe nyeupe za damu yake, zile zinazopigana na maradhi, zilikuwa chache mno, na mbele yake kulikuwa na awamu nne zaidi za dripu. Wiki hiyohiyo korona ikaingia mjini. Shule zikafungwa, ofisi zikafungwa, vinyozi wakaambiwa wafunge. Hospitalini wodi nzima ilitengwa kwa ajili ya wagonjwa wa korona, na muuguzi akapangiwa humo.

Siku aliyomleta mama nyumbani kwao, muuguzi aliishia getini.

"Mimi siingii," alimwambia mumewe. "Kuanzia leo nalala hosteli ya wauguzi, mpaka hili jambo lipite."

"Mpaka lini?"

"Sijui. Nikilala hapa, siku moja nitamletea mama kirusi. Hana kinga hata ya mafua, mume wangu. Mafua tu yanaweza kumwondoa."

Wembe aligeuka akatazama sebuleni, ambako mama mkwe alikuwa ameshaketi, mkoba mapajani, kama yuko kituoni. "Sasa nani atamtunza?"

Muuguzi alimtazama tu.

"Mimi?"

"Kwani kuna mwingine umemficha humo ndani?"

Aliacha karatasi ya masharti, Wembe akaibandika kwenye friji. Mikono ioshwe kwa sabuni kila mara. Chakula kiive mpaka ndani. Matunda yawe ya kumenya tu. Mgeni asiingie. Homa ipimwe asubuhi na jioni, na ikifika thelathini na nane, usipige simu kuuliza, njoo hospitali. La mwisho liliandikwa kwa herufi ndogo: *Mama atakwambia hajambo. Usimwamini.*

Mama Karani aliisoma yote, akaomba kalamu, akaongeza mkato mahali palipokosa mkato.

Siku za kwanza ilikuwa kazi. Wembe alipika kwa woga, akabisha hodi hata kwenye milango iliyo wazi. Mama alishukuru kwa kila kitu, na kila "asante" yake ilisikika kama muhuri. Kisha asubuhi moja Wembe alikuta daftari la homa liko wazi mezani, akasoma ili ajue joto la jana. Mwandiko ulikuwa mnyoofu, wa kiofisi:

*Siku ya tatu. Saa mbili asubuhi, nyuzi 36.5. Mkwe ametengeneza uji. Uji una mabonge. Mkwe amejitetea kuwa mabonge ndiyo lishe. Utetezi umekataliwa.*

Alicheka mpaka akashika sinki. Miaka saba, na hakujua kwamba mama huyu ana utani. Akachukua kalamu, akaandika chini yake: *Mkwe anakata rufaa.* Mchana alipopita tena akakuta jibu: *Rufaa itasikilizwa kesho asubuhi. Alete ushahidi, usiwe na mabonge.*

Kuanzia hapo wakaanza kuzungumza.

Kulikuwa na jambo moja tu lililomkera Wembe, na hakujua amwanze vipi. Dawa ilikuwa imezing'oa nywele za Mama Karani kwa mafungu. Huku zimeisha, kule zimebaki kishada, juu ya sikio zimening'inia nyuzi tatu. Kitambaa cha kichwani kilikuwa kikiteleza, Wembe anaona. Kinyozi kukaa nyumba moja na kichwa kile ni kama seremala kuishi na mlango uliolegea bawaba. Hasemi, lakini halali.

"Mkwe," Mama Karani alisema siku moja, bila kuinua macho kwenye gazeti la zamani, "unaniangalia kichwa kama wakili anayeona kosa kwenye hati."

"Hapana, mama."

"Umeapa kusema kweli."

Wembe alikohoa kidogo. "Ni hivyo vishada, mama. Vinaniumiza roho."

Alikunja gazeti. "Mimi vinaniumiza zaidi. Kila asubuhi navikuta kwenye mto, naviokota kama mtu anayeokota punje. Viondoe."

Alimkalisha uani penye mwanga, akamfunga kitambaa cheupe shingoni. Alichemsha vitana, akafuta mashine kwa spiriti mara mbili, akavaa barakoa. Wembe aliyepata jina lake kwa wembe hakuruhusiwa kugusa wembe siku hiyo. Damu ya mama ilikuwa haigandi vizuri, na mkwaruzo mdogo tu ungetoka damu mpaka hospitali. Akatumia mashine, taratibu, kiganja cha kushoto kikishikilia paji la uso. Ndiyo ilikuwa mara ya kwanza tangu wajuane kumgusa mama mkwe wake zaidi ya kumpa mkono.

"Unajua," alisema Mama Karani macho yakiwa yamefumba, "nilipoambiwa binti yangu anaolewa na kinyozi, nilinuna wiki mbili."

"Niliambiwa."

"Uliambiwa, au ulikuwepo?"

"Nilikuwepo, mama. Ulinipa chai bila sukari, nikanywa yote."

Mabega yake yakaanza kutikisika chini ya kitambaa. Wembe alizima mashine akangoja amalize kucheka, maana kichwa kinachocheka hakinyoleki. Alipomletea kioo, mama alijitazama kwa muda mrefu, upande huu na upande ule.

"Nafanana na marehemu baba yangu," alisema. "Alikuwa mzuri, lakini." Kisha akampapasa Wembe mkono mara moja, akaingia ndani.

Awamu ya kwanza ya dripu ikapita, na ya pili. Chumba cha kunyolea bado kilikuwa kimefungwa. Ndipo akapiga simu Mzee wa Posta.

Mzee huyu alikuwa mteja wake wa kwanza kabisa, mpanga barua mstaafu. Mkewe alikuwa amefariki, kwa moyo wala si kwa korona, na maziko yalikuwa kesho yake. "Nimejiangalia kwenye kioo, Wembe," alisema. "Nimekuwa kama kichaka. Siwezi kumsindikiza mke wangu nikiwa hivi."

Wembe alimwambia mama mkwe anakwenda kununua sabuni. Alimnyoa mzee barazani, wote wana barakoa, dakika ishirini. Mzee alilia chini ya barakoa yake, na katika kulia akakohoa mara mbili. Mara mbili zile zilimfuata Wembe mpaka nyumbani. Alioga, akafua nguo, akaoga tena. Wakati wa chakula cha jioni alisimama mlangoni na sahani mkononi.

"Tangu lini unakula umesimama?" Mama Karani aliuliza.

"Mgongo, mama."

"Mgongo. Na sabuni uliyonunua iko wapi?"

Wembe alihamisha uzito kutoka mguu mmoja kwenda mwingine.

"Mkwe, nimekaa chini ya mahakimu kumi na wawili. Mtu akidanganya, miguu ndiyo husema. Yako inasema tangu saa kumi."

Akamweleza yote. Alitegemea apigiwe kelele. Mama Karani aliweka kijiko chini polepole.

"Sikasiriki kwa kumnyoa. Mtu aliyefiwa hanyimwi. Nimekasirika kwa kuwa umeamua juu ya uhai wangu halafu ukanificha. Mwili huu kila mtu anauamulia: daktari, binti yangu, kirusi ambacho hata sura yake sijaiona. Nilidhani humu ndani kuna mtu mmoja ambaye kwanza ataniuliza. Ungeniuliza, ningekwambia nenda. Ningekwambia ukirudi ulale stoo siku kumi na nne. Sasa nenda ukalale stoo."

Vilikuwa vidonge, na Wembe alivimeza vyote. Alihamia stoo ya uani na godoro moja. Mama Karani, aliyekuwa akichoka kwa kukunja shuka tu, akawa anapika mwenyewe, anaweka sahani juu ya kigoda nje ya mlango wa jikoni, anarudi ndani, ndipo Wembe anakwenda kuichukua. Siku tatu hakumsemesha. Siku ya nne dirisha la jikoni lilifunguliwa.

"Viazi vimekosa chumvi?"

"Havikukosa, mama."

"Mwongo. Nimesahau chumvi." Akasimama pale dirishani, mikono juu ya kizingiti. "Niliwahi kuandika kesi ya ndugu wawili walioshtakiana kwa cherehani..." Akamsimulia kesi nzima, na kesho yake nyingine. Wembe alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, hatua kumi kutoka dirishani, akisikiliza. Msamaha haukutamkwa, ila kesi zilizidi kuwa ndefu.

Siku ya tisa, kabla ya adhuhuri, alikuja dirishani bila kesi yoyote.

"Mkwe, kipimajoto kimeharibika."

"Kinasema nini?"

"Thelathini na nane nukta nne."

Wembe alisimama, ndoo ikaanguka. "Hakijaharibika, mama."

"Najua," alisema Mama Karani kwa sauti ndogo.

Walikwenda kwa teksi, vioo vyote vimeshushwa, Wembe mbele na barakoa mbili, mama nyuma amejifunika shuka, anatetemeka mchana wa jua kali. Hospitalini walimpokea na kiti cha magurudumu, wakamzuia Wembe getini. Baada ya saa nzima muuguzi akatoka, upande wa pili wa uzio wa waya, amevaa gauni la plastiki, uso una alama za barakoa. Walikuwa hawajaonana ana kwa ana kwa miezi minne. Wembe hakumsalimu hata. Alimweleza habari za Mzee wa Posta, za kikohozi mara mbili, za sabuni ya uongo, maneno yakigongana.

Muuguzi alimsikiliza hadi mwisho.

"Kama ni wewe, nitakusamehe siku nyingine," alisema. "Leo sina nafasi. Wamekupima? Hapana, wewe hujapimwa. Nenda pale kwenye hema upimwe korona, halafu shika simu. Mama ameishiwa damu, na zile chembe za kugandisha nazo hakuna. Benki ya damu ni tupu. Wachangiaji wetu walikuwa wanafunzi, na shule zimefungwa. Tafuta watu."

"Watu gani?"

"Wewe si ndiye unayejua kila kichwa mjini?"

Alipimwa, akaketi chini ya ukuta ng'ambo ya barabara kungoja majibu, akafungua simu. Alianzia juu ya orodha. Dereva wa gari la taka. Mwalimu wa hesabu. Mapacha wauza vitunguu. Fundi bomba ambaye kila mwezi huahidi kufuga nywele na kila mwezi hubadili nia. Wengi walidakia kabla hajasalimu.

"Wembe! Umefungua?"

"Sijafungua. Nataka damu."

"Ebo! Sasa huo ni unyozi au uganga?"

Akawaeleza. Hakujua namna ya kuomba kwa watu aliozoea kuwatania, kwa hiyo alisema ilivyo: mama mkwe wangu ana saratani ya damu, leo hana damu, na mimi siwezi kumpa ya kutosha peke yangu. Baadhi walikuwa mbali. Mmoja alisema anaogopa sindano, na mwingine anaogopa hospitali kwa ajili ya korona, na Wembe hakuwalaumu. Simu ilizima chaji mara moja, mlinzi wa getini akamchomekea kwenye kibanda chake.

Asubuhi iliyofuata walikuja watu ishirini na watatu, wakapanga foleni kwa kupeana nafasi ya hatua mbili. Hakuna aliyenyolewa kwa miezi minne. Kulikuwa na vichwa kama vichaka, ndevu zilizotoroka pembeni ya barakoa, na mapacha wa vitunguu ambao kwa mara ya kwanza mtu angeweza kuwatofautisha. Mhudumu wa damu alitoka na ubao wake, akasimama.

"Samahani," aliuliza, "hiki ni kikundi cha muziki?"

Mzee wa Posta naye alikuja, na suti aliyovaa kwenye maziko. Walimkataa kwa umri. Akakataa kuondoka. Alitembea juu na chini ya foleni akiwarudisha watu kwenye nafasi zao, kama anapanga barua. Hakuwa na homa wala kikohozi. "Siku ile nilikohoa machozi, Wembe," alipaza sauti kutoka ng'ambo ya barabara. "Yaliniingia puani."

Mchana ule majibu yakaja. Wembe hakuwa na korona. Mama hakuwa na korona. Homa ilitokana na bakteria walioingilia kwenye mrija wa mkononi, ule wa kupitishia dawa. Mrija ulitolewa, akawekewa dawa nyingine, na damu ya wateja ikaanza kuingia.

Muuguzi alimpa habari hizo kwenye uzio. Wembe aliinama, mikono magotini, akalia kwa sauti, palepale mbele ya dereva wa gari la taka aliyekuwa anakunywa soda yake ya mchangiaji. Dereva alijifanya anasoma chupa.

"Nimeshakusamehe," muuguzi alisema. "Hata kabla ya majibu. Ila nilitaka uogope kidogo."

"Niliogopa sana."

"Najua. Umepungua." Akapitisha ncha za vidole kwenye waya, glavu na vyote, naye akazishika.

Mama Karani alitoka baada ya siku kumi na mbili. Teksi haijafika hata kona ya kwanza, akaanza.

"Nasikia nina damu ya mtu wa gari la taka."

"Na ya mwalimu wa hesabu, mama."

"Hiyo nimeitambua. Tangu juzi nahesabu vigae vya dari. Andika majina yao wote. Nataka kuwapigia mmoja mmoja." Na aliwapigia kweli, wote ishirini na watatu, na wengi wao mpaka leo wanasema hawajawahi kushukuriwa kwa utaratibu namna ile.

Awamu mbili zilizobaki zilikuwa ngumu. Kuna wiki alizotapika hata maji, na kuna siku alimwambia Wembe kwamba amechoka na angependa kuacha. Wembe hakumhutubia. Alimuuliza, "Unataka kuacha leo, au unataka kuacha kabisa?" Mama akafikiri, akasema leo. "Basi leo tumeacha," Wembe alisema, akazima simu, wakakaa uani wakimenya machungwa bila kutaja ugonjwa mpaka giza likaingia. Kesho yake wakaendelea.

Muuguzi alirudi nyumbani baada ya miezi kumi na moja, akiwa amechanjwa. Uboho wa mama ulikuwa umepimwa tena, na saratani haikuonekana. Daktari alisema haikuonekana, hakusema imekwisha, na Mama Karani alilipenda neno hilo kwa kuwa lilikuwa sahihi. Muuguzi aliingia akakuta mumewe na mama yake wanagombana juu ya kama supu imeiva, wanakatizana maneno, hakuna aliyesimama kwa ajili ya mwingine.

"Niliacha watu wawili wanaogopana," alisema akiwa bado na begi begani. "Huyu sasa ni mama yangu au wako?"

"Karibu, mwanangu," Mama Karani alisema, macho kwenye sufuria. "Nawa mikono kwanza."

Siku hizi mama anaishi kwake tena. Kila miezi mitatu anakwenda kupimwa, na anayempeleka ni Wembe, kwa sababu muuguzi huwa zamuni, na kwa sababu mama humpigia Wembe kwanza. Mwezi uliopita kijana wa mapokezi aliwapa fomu mpya.

"Aliyekusindikiza ni nani wako, mama?"

"Mkwe..." Wembe alianza.

"Mwanangu," alisema Mama Karani. "Andika mwana."

Wembe alimwinamia sikioni. "Mama, hiyo ni hati rasmi."

"Nimeandika hati rasmi miaka thelathini na moja," alijibu. "Najua nilichosema."

Majibu yalitoka saa sita kasoro: safi, mpaka miezi mitatu ijayo. Lifti ilikuwa na watu, wakashuka kwa ngazi. Mama Karani alipitisha mkono wake kwenye kiwiko cha kinyozi, akashika ukuta kwa mkono wa pili, na kwenye kila ngazi alimlalamikia kwamba anamkimbiza.